Kisanduku Katikati ya Ukurasa

Mtaa mzima ulimwita Nesi, hata baada ya hospitali kumpa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani isiyokwenda vizuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu anayepeleka habari mbaya na hataki kuchelewa. Mgonjwa wa presha aliyekuwa ameacha vidonge akimwona kwa mbali alikata kona, akapita uchochoro wa nyuma ingawa una matope.

Mtu mmoja tu hakumpisha njia, naye ni kaka yake, fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa uani kwake, chini ya mabati, imejaa sponji na vumbi la mbao, na kutwa nzima alikuwa na misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Presha yake ilikuwa ya kurithi. Baba yao alianguka nayo akinyoa ndevu, upande mmoja umekwisha kunyolewa na upande mwingine una povu, na hakuinuka tena. Nesi ndiye aliyemfuta lile povu. Tangu siku ile alijua kwamba kaka yake naye yuko kwenye foleni hiyohiyo, na akaapa moyoni kwamba huyu hatauachia ugonjwa huo.

Lakini fundi alikuwa na kichwa kigumu. Akijisikia vibaya anameza, akijisikia vizuri anasema amepona.

"Kaka, umemeza leo?"

"Nimemeza mate."

"Sitaniani na wewe."

"Wewe mimi nimekubeba mgongoni, ukanikojolea mpaka shati likaoza. Leo ndiyo unifundishe kumeza?"

Wateja walicheka, na yeye akishawachekesha watu haambiliki tena. Nesi alikuwa akirudi kwake na hasira zake.

Aliyepata njia ni binti wa fundi, ambaye alikuwa ameajiriwa kwenye ofisi ya gazeti, upande wa tovuti. Binti huyo alikuwa mpole wa sauti, ila akikalia kompyuta anakuwa mtu mwingine, vidole vinakwenda kama vya mtu anayechambua mchele.

"Shangazi," alimwambia, "baba hasikii la mtu. Lakini kitu kikiandikwa kwenye simu, kwake kimeshapigwa mhuri. Wewe andika, mimi nitapandisha mtandaoni."

Ndivyo ilivyozaliwa tovuti ya Nesi. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, kama alivyozoea kuandika mapigo ya moyo ya wagonjwa, na binti akawa anasahihisha na kuweka mahali pake. Na kweli, fundi akasoma. Alisoma kwa miwani, kiganja kimebana paja, halafu anawageukia wateja na kusema, "Imeandikwa hapa chumvi inakaza mishipa," kana kwamba imeandikwa na daktari wa mbali asiyejulikana kwao. Dada yake hakumtaja hata mara moja. Nesi hakujali. Mkewe fundi alimletea habari yeye mwenyewe, amebeba na viazi kidogo kwenye kikapu.

"Wifi, siku hizi anameza. Anameza, halafu ananifundisha mimi kupika, kama vile yeye ndiye aliyesomea unesi."

"Mwache afundishe. Anameza kweli, umemwona kwa macho?"

"Kwa macho haya."

Nesi alivipokea vile viazi kama mtu aliyepewa zawadi ya harusi.

Sasa, tovuti nayo hupangishwa kama chumba. Ili ikae, binti alizikodisha kuta zake kwa kampuni ya matangazo. Kampuni hiyo haina mtu anayekaa na kuchagua, ina mashine. Mashine inapita kwenye ukurasa, inaokota maneno, halafu inaleta tangazo linalofanana na maneno iliyookota. Ukiandika habari za baiskeli, inaleta muuza baiskeli. Haijui kama unaisifu baiskeli au ilikuvunja mguu. Yenyewe imeona neno, basi.

Shida ni kwamba Nesi alilelewa vizuri. Kuingia kwenye maradhi ya mtu bila kumjulia hali aliona ni sawa na kuingia chumbani kwa watu bila hodi. Kila ukurasa wake ulianza na salamu: hamjambo nyote, watoto wanaendeleaje na shule, kuku wanataga, mvua huko imenyesha au bado, waliosafiri wamefika salama, na yule mchanga wa juzi ameota meno? Salamu zilikuwa ndefu kuliko ugonjwa wenyewe. Mashine ikapita, ikaokota, ikaleta mali. Ukurasa wa chumvi ukazungukwa na vifaranga. Ukurasa wa kiharusi ukaletewa nepi za watoto na tiketi za basi. Ule wa moyo kupanuka ulipambwa mabuti ya mvua, pea moja nyekundu na nyingine ya kijani.

Fundi hakuliacha jambo hilo lipite.

"Naona daktari wenu amefungua banda la kuku," aliwaambia wateja. "Presha inashushwa kwa vifaranga. Unameza wawili asubuhi, wawili jioni."

"Na maji mengi," mteja mmoja akaongeza.

"Na maji mengi, maana wana manyoya."

Wakacheka mpaka wakashikilia mbavu. Nesi alikuwa amesimama mlangoni, na kicheko hicho kilimwingia kama maji ya baridi. Hakuumizwa na kuchekwa. Hospitalini alikuwa amechekwa na madaktari vijana, wakahama mmoja baada ya mwingine, yeye akabaki. Kilichomuumiza ni kuona kwamba mtu akishaanza kuucheka ukurasa, ataanza kuvicheka na vidonge. Na haikuchukua muda, wifi akaja tena, safari hii mikono mitupu.

"Jana hakumeza. Anasema watu wenyewe hawajui wanauza nini."

Nesi akamwita binti siku ya mapumziko, wakakaa mezani, kompyuta katikati, chai ikapoa bila kunywewa.

"Yafanye yafanane," alisema Nesi. "Tangazo likae na maneno yake. Mtu akisoma presha aone mambo ya presha."

"Inawezekana. Ndiyo kazi ninayofanya ofisini kila siku. Lakini shangazi, utanikasirikia."

"Sema."

"Salamu zitoke."

Nesi alimwangalia kuanzia utosini mpaka kwenye kucha. "Nizungumze na watu kama polisi?"

"Mashine haijui salamu. Ukiitajia kuku, inakuletea kuku. Weka kichwa cha habari kinachosema jambo lenyewe. Anza na jambo, rudia jambo, maliza na jambo. Ukurasa mmoja, ugonjwa mmoja. Usichanganye."

Walibishana mpaka kivuli cha dirisha kikahama meza. Mwishowe Nesi akakubali, ila alipobonyeza kufuta salamu za ukurasa wa kwanza alikuwa kama anafukuza mgeni mlangoni. Binti akaendelea. Kwenye kampuni ya matangazo kuna milango ya kila aina ya bidhaa, unafungua au unafunga. Akafunga kuku, akafunga safari, akafunga nepi, kamari na mikopo. Mlango wa afya akauacha wazi kabisa. Halafu akavitoa visanduku vya matangazo pembeni, akavileta katikati ya maneno, pale jicho linapopita lenyewe, akavipa rangi ileile ya ukurasa na herufi zilezile.

"Visionekane kama wageni," alieleza. "Mtu akikuta kisanduku kimefanana na anachosoma, anakigusa. Kikifoka rangi, anakiruka."

"Vizuri," alisema Nesi. "Ndiyo adabu."

Ikawa kama kazi ya mkono wa fundi hodari. Ukurasa wa kupima ukaleta vipimo vya nyumbani. Ukurasa wa mazoezi ukaleta viatu vya kutembelea, laini, vyenye kisigino kipana. Ule wa macho ukaleta miwani. Nesi aliupitia ukurasa mmoja mmoja, akitikisa kichwa polepole kama mama mwenye nyumba anayekagua vyombo vilivyooshwa, na hakupata doa.

Fundi naye aliacha kejeli. Akakigusa kisanduku cha viatu, viatu vikaja, na vilimkaa. Asubuhi watu wakamwona anatembea barabarani, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. "Wamejirekebisha," aliwaambia wateja. "Sasa ndiyo kazi." Vidonge vikarudi mezani kwake karibu na kikombe. Kipindi hicho Nesi alilala usingizi wa mtu aliyelipa kila deni lake, na shavu likamrudia kidogo.

Vidonge vile vilikuwa na tabu moja: vinampeleka mtu haja ndogo mara kwa mara. Fundi anapima kitambaa, anakimbia. Ameshika nyundo, anakimbia. Mteja mmoja akamwambia amekuwa kama mama mjamzito, na hilo lilimchoma. Akaanza kusema kwamba atavipumzisha kidogo. Akataja pia kwamba amesikia kuna watu wanatumia matone tu, ya majani, na wako wazima.

Nesi kusikia hivyo, hakwenda kumkaripia. Alijua dawa yake. Alikaa na simu akaandika ukurasa mkali kuliko zote. Akauita *Usiache vidonge vya presha*. Akaanza na jambo, akarudia jambo, kama alivyofundishwa. Akasema wanaouza matone ya kushusha presha ni wezi. Akasema matone hayashushi presha, matone hayajapimwa na mtu, aliyeacha vidonge kwa ajili ya matone alizikwa na chupa yake. Aliyataja matone kwa jina katika kila mstari, kama anayempiga mtu kibao huku akimwita. Binti akaupandisha. Nesi akausoma kwenye simu yake siku hiyohiyo, akakuta kisanduku cha viatu katikati, akaridhika, akaufunga. Nani hurudi kusoma barua aliyokwisha kuituma?

Mashine ikapita baadaye, kwa wakati wake. Ikaokota: presha, kuacha vidonge, matone, matone, matone. Na muuza matone alikuwa ameshatoa fedha zake kwenye kampuni, anasubiri ukurasa kama huo. Kisanduku cha viatu kikaondoka. Kikaja kingine, katikati kabisa, rangi ya Nesi, herufi za Nesi: *Umechoka na vidonge? Matone ya asili yanashusha presha na kukuacha huru. Gusa hapa.*

Fundi aliusoma ukurasa ule karakanani, mguu juu ya fremu ya kochi. Juu kulikuwa na karipio, nalo alilizoea. Aliteremsha kidole haraka haraka, kama mtu anayevuka sehemu ya hotuba isiyomhusu, akafika katikati, akakuta alichokuwa anakitafuta. Akagusa. Chupa ndogo ya kahawia ikaletwa na mtu wa pikipiki, kama vile viatu vilivyoletwa.

Yalimfaa, alivyoona yeye. Mbio za haja ndogo zilikwisha. Kichwa kikawa chepesi. Nesi alipopita kumwuliza, alimjibu bila utani, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Umemeza?"

"Natumia kama ulivyoandika."

"Kweli kaka?"

"Neno kwa neno. Safari hii umepatia."

Ndiyo mara ya kwanza alikiri kwamba ukurasa ule ni wa dada yake. Nesi akatoka pale miguu haigusi chini. Hakupima presha siku hiyo, kipimo kimo mkobani, kwa sababu hakutaka kumwonyesha kwamba hamwamini. Hilo lilikuja kumtafuna baadaye kuliko mengine yote.

Alianguka mchana, akikaza kitambaa kwenye mgongo wa kochi. Mteja aliona nyundo inaanguka kwanza, halafu mkono, halafu fundi mzima akateremka polepole kama gunia lililotobolewa. Misumari ilikuwa bado mdomoni. Mkewe ndiye aliyeitoa kwa vidole, mmoja mmoja, analia, huku watu wakitafuta gari.

Hospitalini walimlaza wodi ileile aliyoisimamia Nesi miaka yake yote, na wauguzi wakampisha apite bila kuulizwa. Alimtazama kaka yake kwa jicho la kazi, akaona yaliyoonekana, akamwacha binti pale, akarudi nyumbani na wifi kuchukua nguo na vidonge. Kwenye kabati akavikuta. Karatasi za vidonge zilikuwa nzima, hazikutobolewa. Kando yake kichupa cha kahawia, kimebaki nusu.

"Wifi, hii nini?"

"Si dawa yako?"

"Yangu wapi?"

"Usinitanie wakati huu. Ile uliyoandika. Alinisomea mwenyewe, hapo kitandani. Alisema, nesi wetu ameleta kitu kipya, hakikimbizi mtu chooni."

"Mimi niliandika watu wasiguse matone."

 Wifi alikwenda kuileta simu ya mumewe, akaufungua ukurasa, akamwekea mkononi. Nesi akasoma maneno yake, akayatambua. Akateremka, akafika kwenye kisanduku. Alikisoma mara ya pili na ya tatu, na kila mara kilikuwa na sauti yake mwenyewe.

"Hili ni tangazo," alisema. "Si mimi."

"Mimi ningejuaje, wifi? Yeye angejuaje? Hebu niambie mahali unapoishia wewe na linapoanzia tangazo."

Nesi alitafuta. Hakupaona.

Binti aliufunga mlango wa afya siku hiyohiyo, akiwa amekaa kwenye benchi la korido, na akaipigia kampuni. Aliyepokea alikuwa na sauti nzuri. Akaangalia kwake, akasema hakuna kosa: tangazo na ukurasa vimelingana vizuri sana, katika tovuti ndogo zote ni chache zilizolingana hivyo, na akawapongeza. Binti akarudi na kumweleza shangazi yake neno kwa neno, maana alikuwa ameshachoka kubeba peke yake.

"Nilivifanya vifanane," alisema. "Niliviweka pale ili baba avione."

"Ni mimi niliyesema vifanane."

"Shangazi, mimi ndiye ninayejua ile mashine."

"Na mimi ndiye ninayemjua baba yako."

Wakakaa hivyo, mabega yamegusana, kila mmoja akivuta lawama upande wake kama watu wanaogombania shuka.

Fundi hakuongea tena. Upande wa kulia ulikuwa mti. Jicho moja lilikuwa linawafuata watu, na Nesi alipokuwa akimlisha uji kwa kijiko alikuwa akijilazimisha kulitazama lile jicho. Hakuona lawama ndani yake. Alichokiona ni mtu anayengoja dawa ifanye kazi. Vidonge sasa alivimeza, vimesagwa, vimekorogwa kwenye maji, bila ubishi. Hatimaye mshipa ulipasuka mara ya pili, na safari hiyo haukumwachia mtu nafasi ya kukimbia.

Msiba uliwekwa nyumbani kwake. Makochi yasiyokwisha yalisogezwa uani ili wanaume wapate pa kukaa, mengine hayana kitambaa, sponji nje. Ndani wanawake walikaa kwenye mikeka. Wifi alikuwa pembeni, kichwa kimefunikwa, na Nesi alikaa mbali naye kidogo kwa sababu hakuwa na hakika kama anakaribishwa. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsogelea pia.

Tovuti alikuwa ameshamwambia binti aizime, yote, hata ukurasa wa chumvi na ule wa macho. Alikuwa anawaza kwamba sasa limekwisha, kwamba baya lililokuwamo limemaliza kazi yake kwa mtu wake mwenyewe. Ndipo mama mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, mke wa kinyozi, akamsogelea kwa magoti, akampa pole, akashika mkono wake, hakuuachia.

"Nesi, najua si wakati wake. Lakini nikuulize."

"Uliza."

"Yale matone yako. Mume wangu anakaribia kumaliza chupa ya pili. Leo naona tovuti haifunguki, na yeye anataka kuagiza nyingine. Aendelee, au apumzike kwanza?"

 Kichwani mwa Nesi siku zote alikuwamo kaka yake, mtu mmoja tu aliyekuwa akimwandikia. Hakuwahi kuwaza kwamba wapo wengine waliokuwa wakisoma kwa utiifu kuliko kaka yake.

Akasimama. Kusimama katikati ya msiba wa ndugu yako wa damu na kutoka nje ni jambo ambalo wanawake wale wangelizungumza mpaka mwaka wa kesho, na Nesi aliyaona macho yao yakipanda naye. Wifi akainua kichwa.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa kinyozi. Naye anatumia matone."

 Wifi akasema, kwa sauti kavu iliyokwishalia, "Basi kimbia."

Nesi na yule mama wakamkuta kinyozi amekaa kwenye kiti cha kazi yake mwenyewe, mbele ya kioo, anapiga soga na mteja. Alikuwa mnene, mchangamfu, shingo imejaa. Nesi hakumsalimia. Akamfunga kipimo mkononi, akapuliza hewa, akaisikiliza, akafungua, akafunga tena akarudia. Mkewe kinyozi aliusoma uso wake, akaanza kutafuta kanga ya kutokea.

"Inuka twende hospitali."

"Hospitali kwa lipi?" kinyozi akacheka. "Mimi niko mwepesi kama pamba. Natumia matone, toka nimeanza sijaumwa hata kichwa."

"Hayo matone hayafai kitu. Inuka."

"Nesi, mbona unanichanganya? Kwani nimeyatoa barabarani? Nimesoma kwako. Umeandika wewe mwenyewe, nimeona kwa macho yangu."

Nesi akafungua mdomo. Kulikuwa na mashine ya kueleza, na kampuni, na milango, na kisanduku, na herufi zilizofanana. Ilikuwa habari ya mchana kutwa, na mishipa ya mtu yule haikuwa na mchana kutwa. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mgonjwa kwamba yeye Nesi amekosea. Hata alipokosea kweli.

"Ndiyo, niliandika mimi," akasema. "Nilikosea. Vaa viatu."